Kumkabili Jad peke yako: hesabu ya sekunde 0.6

Wimbi la 63 la maadui katika mchezo wa kompyuta uitwao Old School RuneScape. Pango limetulia kidogo, kisha yanatokea maneno kwenye skrini ya kunionya kwamba TzTok-Jad, bosi wa pango, yaani adui mkubwa wa mwisho, anakuja. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kilekile zaidi ya saa mbili, mawimbi 62 ya viumbe wa moto yamepita, na mikono ilianza kunitetemeka kwelikweli. Jad akasimama kwa miguu ya nyuma. Nikabonyeza sala ya kuzuia mishale, kumbe alikuwa anatema moto. Uhai wangu ulikuwa themanini na kitu. Ukawa sifuri, nami nikajikuta nje ya pango. Ili nimwone tena Jad ilinibidi nianze na wimbi la 1.

Wadogo zangu wanaoanza kucheza huniuliza kama kazi hii inataka vidole vyepesi. Vidole vyepesi vinasaidia, lakini mimi sikufa kwa uzito wa vidole. Nilikufa kwa sababu nilikuwa sijaielewa hesabu ya pambano lenyewe. Ukiielewa, hofu hupungua sana, na hesabu hiyo unaweza kuiandika kwenye karatasi kabla hujaingia pangoni.

Mchezo ninaouzungumzia ni Old School RuneScape, wa kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza. Ulifunguliwa Februari 2013 kutokana na nakala ya RuneScape ya Agosti 2007, na tangu Oktoba 2018 unachezwa pia kwenye simu, kwa akaunti ileile unayotumia kwenye kompyuta. Nimeuchagua kwa sababu namba zake ni ndogo na ziko wazi: uhai wa mchezaji, akiwa amefika ngazi ya juu kabisa, ni pointi 99, na mkoba wake una nafasi 28 tu. Kila kitu utakachobeba, chakula, dawa, silaha ya akiba, lazima kiingie humo.

Watu wanaposema "nimemuua bosi solo", yaani peke yangu, huwa wanazungumzia mambo matatu tofauti, na mabishano mengi yanatokana na kuyachanganya. La kwanza ni bosi aliyeumbwa kwa ajili ya mtu mmoja: Jad ni huyo, na Zulrah yule nyoka pia, aliyekuja Januari 2015. Hakuna rafiki anayeweza kuingia kukusaidia. La pili ni bosi wa kundi ambaye umeshamzidi nguvu. Katika World of Warcraft, joka Onyxia liliwekwa mwaka 2004 kwa ajili ya watu 40 wa ngazi ya 60; leo mchezaji wa ngazi za juu anaingia mwenyewe na kulimaliza katika muda mfupi. Hilo ni sawa na mtu mzima kurudi darasa la kwanza kufanya mtihani. Halina ubaya, wengi huenda kutafuta mavazi na wanyama wa kupanda, lakini halikufundishi kitu kuhusu pambano.

La tatu ndilo gumu: bosi aliyeumbwa kwa kundi, akiwa na nguvu zake zote, na mtu mmoja anathubutu. Nitalirudia. Kwanza tuangalie kundi lenyewe hufanya nini.

Katika michezo mingi ya aina hii kundi hugawana kazi tatu. Mmoja anapokea kipigo, mwingine anaponya, wengine wanapiga. Ukiingia peke yako, kazi zote tatu zinakuangukia, na wengi hudhani maana yake ni kuzifanya zote kwa kasi. Haiwezekani. Sababu iko kwenye saa ya mchezo.

Old School RuneScape hauendi mfululizo kama maji ya mto. Unaenda kwa mapigo, kama ngoma. Kila sekunde 0.6 seva inakusanya maagizo ya wachezaji wote, inayatekeleza, kisha inasubiri pigo linalofuata. Wachezaji huliita pigo hilo tiki. Ukitembea unasogea mraba mmoja kwa tiki, ukikimbia miwili. Upinde niliokuwa nao, ule wa kufyatua kwa kidole, ukiwekwa kwenye hali ya haraka unafyatua kila tiki 5, yaani kila sekunde 3. Hata ubonyeze mara ishirini ndani ya sekunde hizo, mshale ni mmoja.

Sasa angalia chakula. Papa mmoja wa kuchoma anarudisha pointi 20 za uhai, lakini kumla kunachelewesha pigo lako linalofuata kwa tiki 3, karibu sekunde 2. Ukila papa kumi umemwachia bosi sekunde 18 za bure, na ndani ya sekunde hizo anaendelea kukupiga, kwa hiyo unahitaji papa wengine wa kufidia kipigo ulichokipata ulipokuwa unakula. Wachezaji wengi wapya hufia humu. Wanakula, wanapigwa, wanakula, na bosi hapungui. Mkoba unaisha. Ukiwatazama utadhani wana bahati mbaya, kumbe walishashindwa tangu dakika ya kwanza.

Kwa hiyo anayepigana peke yake hawezi kutegemea kuponya. Anategemea kuzuia: kipigo kisichofika hakihitaji chakula, na kisichohitaji chakula hakili muda. Karibu kila mbinu ya solo ninayoijua, ukiifuatilia hadi kwenye shina lake, inakufikisha hapo.

Chombo kikuu cha kuzuia ni sala za kinga. Ziko tatu, na zinapatikana hata kwa wasiolipia: kinga dhidi ya uchawi kuanzia ngazi ya 37 ya sala, dhidi ya mishale ngazi ya 40, dhidi ya mapigo ya karibu ngazi ya 43. Huwezi kuwasha mbili kwa pamoja. Dhidi ya viumbe wengi, sala sahihi inafuta kipigo chote, na isiyo sahihi haizuii hata pointi moja. Nayo ina gharama: bila mavazi ya kuisaidia, kinga inakula pointi moja ya sala kila sekunde 3. Mwenye ngazi ya 43 ana pointi 43, kwa hiyo zinamwishia baada ya dakika mbili na sekunde chache. Chupa moja ya dawa ya sala ina dozi nne, na kwake kila dozi inarudisha pointi 17. Chupa nzima inampa kama dakika tatu na nusu. Pambano la saa nzima linataka chupa ngapi? Piga hesabu hiyo kabla hujajaza mkoba kwa papa.

Turudi kwa Jad. Ana pointi 250 za uhai, na pigo lake kubwa kabisa ni 97. Kwa mchezaji mwenye uhai 99 hiyo ni karibu nafsi yote. Hupiga kila tiki 8, yaani sekunde 4.8, kwa moja ya njia tatu. Ya karibu anaitumia ukiwa umesimama kando yake, kwa hiyo kaa mbali naye, na maswali yatabaki mawili. Akisimama kwa miguu ya nyuma na kuning'iniza ya mbele, ni uchawi. Akiishindilia miguu ya mbele chini kwa kishindo, ni mwamba unaokuja kutoka juu, na hapo unawasha kinga ya mishale. Sauti zake pia zinatofautiana. Wako wanaomcheza kwa masikio.

Nilipokaa na karatasi baada ya kufa, niliandika hivi. Tuseme kila mshale wangu, ukihesabu na inayokosa, unamwondolea wastani wa pointi 6. Nahitaji mishale 42, ambayo ni sekunde 126. Ndani ya muda huo Jad atapiga mara 26. Kwa hiyo ninaulizwa swali lilelile mara 26 mfululizo, na nikikosea mara moja naweza kufa. Mtu anayejibu sahihi mara 95 kati ya 100 anaonekana hodari, sivyo? Uwezekano wa kujibu yote 26 bila kosa ni chini ya 27 kati ya 100. Akifikia usahihi wa 99 kati ya 100, uwezekano unapanda hadi 77.

Halafu nikabadilisha namba nyingine. Nikipata silaha inayotoa wastani wa 10 badala ya 6, nahitaji mishale 25, sekunde 75, na Jad anapiga mara 16 tu. Mtu yuleyule wa 95 kati ya 100 sasa ana nafasi 44. Hajaongeza ustadi wowote. Amepunguza idadi ya maswali. Tangu siku hiyo nikaacha kuitazama silaha kama kitu cha kushambulia tu. Kwa aliye peke yake, silaha bora ni kinga pia, kwa kuwa inafupisha muda wa kukosea. Wanaojaza deraya nzito na kubeba upinde dhaifu wamejipa mtihani mrefu. (Hesabu hii inarahisisha mambo kidogo. Kosa moja si kifo kila mara, maana pigo linaweza kukukosa au kuwa dogo. Lakini mwelekeo wake ni huo.)

Jad akishuka chini ya nusu ya uhai, wanatokea Yt-HurKot wanne, waganga wake, na wanaanza kumponya. Hapa watu wengi hupotea, na mimi ndipo nilipofia mara ya pili, kwa sababu macho yanamwacha Jad na kuwafuata wale wadogo. Mpige kila mganga mara moja tu. Akishaguswa anaacha kuponya na kuja kukupiga wewe, tena kwa mapigo madogo yanayovumilika. Utaratibu wangu ni huu: namtazama Jad, najibu swali lake, nampiga mganga mmoja, narudisha macho kwa Jad. Sekunde 4.8 zinatosha kwa tendo moja katikati. Ukijaribu mawili, la pili linaingia juu ya swali linalofuata. Wakifanikiwa kumponya akajaa kabisa, atakaposhuka tena chini ya nusu watatokea upya.

Mawimbi 62 yanayomtangulia yana mpangilio mzuri ambao wengi hawauoni. Tz-Kih, yule anayenyonya sala, yupo tangu wimbi la 1. Tz-Kek, anayegawanyika viwili akifa, anaingia wimbi la 3. Tok-Xil wa mishale wimbi la 7, Yt-MejKot wimbi la 15, Ket-Zek mchawi wimbi la 31, na Jad la 63. Kila namba ni mara mbili ya iliyotangulia, jumlisha moja. Ukijua hivyo unajua lini hatari mpya inafika. Kumbuka kwamba Ket-Zek ndiye wa kuzimwa kwa sala ya uchawi kila mara anapokuwepo, na wa mapigo ya karibu wazuie kwa jiwe. Pangoni mna mwamba ambao wachezaji wanauita Italia kwa umbo lake. Simama upande mmoja, viumbe wa karibu wakwame upande wa pili, umpige mwenye mishale au uchawi kwanza. Jiwe lile linafanya kazi ya mpokea kipigo, na halihitaji kuponywa.

Upweke una faida moja ambayo sijaona ikitajwa vya kutosha. Kundini hujui bosi atamgeukia nani. Peke yako, kila pigo ni lako, na jibu la kila pigo ni lako. Hakuna mtu wa kukosea kwa niaba yako, wala hakuna sekunde ya kujiuliza kama jambo linakuhusu. Bosi anakuwa rahisi kusomeka.

Sasa lile jambo la tatu. Jenerali Graardor aliingia RuneScape Agosti 2007 na Old School Oktoba 2013, na kabla ya kufungua mlango wake unatakiwa uwe umeua wafuasi 40 wa mungu wake. Ana uhai 255, unaokaribiana na wa Jad, lakini yuko na walinzi watatu: mmoja hupiga kwa karibu, mmoja kwa uchawi, mmoja kwa mishale. Unaona mtego ulipo? Sala ni moja tu. Kundini mmoja anampokea jenerali na wengine wanawamaliza walinzi. Peke yako, hakuna sala itakayokufunika pande zote.

Waliolitatua hilo walitumia ukumbi wenyewe. Graardor ni mkubwa, na ili akupige kwa karibu, pigo linaloweza kufika 60, lazima akufikie. Mwenye upinde anapiga, anakimbia upande wa pili wa ukumbi, anageuka, anapiga tena, na jenerali anapoteza tiki akimfuata. Mchezaji anahesabu: tiki za kukimbia, tiki ya kupiga, tiki za kukimbia. Ukimwona mtu anayeijua ngoma hiyo utadhani anacheza na mbuzi uani. Anafanya vilevile kama pangoni, anazuia kipigo kisifike, ila safari hii kwa miguu.

Corporeal Beast ni mlima mwingine kabisa. Ana uhai 2,000, na silaha nyingi zisizo za jamii ya mkuki zinamwumiza nusu tu. Hapa tatizo ni urefu: hata ukimzuia vizuri, mkoba utaisha kabla yake. Kwa hiyo wanaomkabili wakiwa peke yao huanza kwa kuuvunja ulinzi wake. Nyundo ya joka, ikipata kwa pigo lake maalumu, inaondoa asilimia 30 ya ulinzi uliopo. Mapigo mawili yanamwacha na 49 kati ya 100, matatu na 34. Ndipo mkuki unatoka. Dakika zinazotumika kwenye nyundo zinaonekana kama za kupoteza, lakini zinafupisha kila dakika inayofuata.

Kwa nini mtu ajisumbue, wakati marafiki wapo? Sababu moja ni ngawira. Kwa mabosi kama Graardor, kilichoanguka ni cha aliyeumiza zaidi. Ukiwa peke yako hakuna wa kugawana naye. Wako pia wanaocheza kwa mtindo wa Ironman, ulioongezwa mwaka 2014, ambao hawaruhusiwi kununua wala kupokea kitu kwa mwenzao. Sababu yangu mimi ni nyingine: nataka kujua kama kweli naujua mchezo, au nilikuwa nabebwa.

Kwa swali hilo hakuna kipimo cha haki kuliko Gauntlet, changamoto ya mtu mmoja ndani ya mchezo huuhuu, iliyofunguliwa Julai 2019. Unaingia huna kitu. Utajiri wako wote unabaki mlangoni. Katika toleo gumu unapewa dakika 7 na nusu za kukata miti, kuchimba, kuvua samaki, kutengeneza deraya na silaha kwa ulichokipata, kisha unamkuta Hunllef mwenye uhai 1,000. Anabadilisha aina ya shambulio baada ya kila mashambulio manne, naye pia ana sala: ukimpiga mara sita kwa aina moja ambayo hajaizuia, anaizuia. Kwa hiyo unahesabu mpaka nne kwa ajili yake na mpaka sita kwa ajili yako, kwa wakati mmoja, huku sakafu ikiwaka na vimbunga vinakufuata. Mara za kwanza nilihesabu kwa sauti, na mama alikuja kuuliza kama naongea na mtu.

Neno kuhusu mtandao, kwa sababu wengi wetu Afrika Mashariki tunacheza na seva zilizo mbali, Uingereza, Ujerumani au Marekani. Habari njema ni kwamba mchezo wa tiki unamvumilia aliye mbali. Agizo lako likichelewa robo ya sekunde bado linaweza kuingia kwenye tiki uliyokusudia. Kinachoua ni mtandao unaorukaruka: sasa robo ya sekunde, mara sekunde nzima. Jaribu saa ambazo laini yako imetulia, hata kama ni alfajiri, na usimwanzie Jad bando likiwa linakaribia kuisha. Kwenye simu, jizoeze kwanza kufungua ukurasa wa sala bila kuutafuta kwa macho.

Usianze na Jad. Ukiwa hujalipia uanachama, wapo mabosi wawili wanaopiganwa na mtu mmoja kwenye chumba chake mwenyewe. Obor, mwenye uhai 120, unamfikia kwa ufunguo unaoangushwa na majitu ya mlimani chini ya Edgeville. Bryophyta yuko kwenye mifereji ya Varrock, na ufunguo wake unatoka kwa majitu ya ukoka. Obor hurusha mawe na hupiga kwa rungu. Ni mahali pazuri pa kuanza kuwasha sala kwa wakati. Bryophyta huita vimelea vitatu, na hagusiki mpaka vife vyote, jambo litakalokufundisha kuacha kumtazama bosi bila kumsahau. Vimelea hivyo vikishadhoofika, upanga hauvimalizi. Beba shoka.